Kisima cha mji kimepungua maji: hatua za kukifufua kabla ya kuchimba kingine

Kisima kirefu kinachohudumia mji kikianza kupungua maji, uamuzi wa kwanza unaotoka kwenye vikao vingi ni kuchimba kingine. Mwongozo huu unaomba jambo moja: pima kwanza. Visima vingi vinavyoambiwa vimekauka bado vina maji. Kuna vilivyoziba, kuna ambavyo pampu yake imechoka, na kuna ambavyo bomba limetoboka ndani na maji yanarudi yalikotoka. Kila ugonjwa una dawa yake, na ukikosea ugonjwa utatupa fedha za wananchi.

Nitaegemea Dodoma, kwa sababu mji ule umeishi kwa miongo mingi ukitegemea visima vya Makutupora, upande wa Mzakwe, kaskazini mwa mji. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulitolewa mwaka 1973, Serikali ikaanza kuhamia kweli kuanzia 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Watu wameongezeka, bonde la maji ni lile lile. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na nyingi hupotea kwa jua kabla haijazama. Kina cha maji Makutupora kimekuwa kikipimwa tangu katikati ya miaka ya 1950. Watafiti waliochambua vipimo hivyo na kuchapisha matokeo mwaka 2013 walionyesha kwamba bonde lile halijazwi taratibu kila mwaka. Hujazwa kwa mikupuo, katika misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida, na mkupuo mkubwa kuliko yote katika kumbukumbu hizo ni wa El Niño ya 1997/98.

Maana yake kwa fundi ni hii: kisima kipya ndani ya bonde lile lile hakiongezi maji, ni kuongeza mrija kwenye chungu kimoja. Kama tatizo lako ni mrija ulioziba, zibua.

Hatua ya 1: Tafuta faili la kisima

Kabla hujagusa spana, tafuta karatasi. Unahitaji kina kilichochimbwa, kipenyo cha kesing (bomba linaloshikilia kuta za kisima), mahali skrini, yaani sehemu za kesing zenye matundu ya kuingizia maji, zilipowekwa (kutoka mita ngapi hadi ngapi), aina ya mwamba, tarehe, na matokeo ya upimaji wa wingi wa maji siku kisima kilipokabidhiwa. Faili likikosekana kwenye mamlaka ya maji, uliza Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa Makutupora ni Wami/Ruvu. Uliza pia mchimbaji kama bado yupo, na mzee aliyekuwa mwangalizi wa pampu. Wazee wa pampu wanakumbuka mambo ambayo hayakuandikwa popote: mwaka ambao kisima kilianza kutoa mchanga, siku pampu ilipodondokea ndani, kisima jirani kilichochimbwa karibu mno.

Usipopata kitu, andika hivyo, kisha vipimo vyako vya leo viwe ndiyo mwanzo wa faili.

Hatua ya 2: Pima kisima kikiwa kinafanya kazi

Kosa linaloumiza zaidi ni kutoa pampu kabla ya kupima. Ukishaitoa, hutajua tena kisima kilikuwa na hali gani kikiwa kazini. Chukua namba nne.

Ya kwanza ni kina tuli, yaani umbali kutoka mdomo wa kisima hadi usawa wa maji baada ya pampu kupumzika. Saa 12 zinatosha mara nyingi, lakini hakikisha kwa kupima mara mbili kwa kuachanisha nusu saa. Kama maji bado yanapanda, subiri. Ya pili ni kina cha maji pampu ikifanya kazi, baada ya kutulia. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mshuko. Ya tatu ni kiasi cha maji kwa saa. Usiiamini mita ya zamani bila kuihakiki; elekeza maji kwenye tanki unalojua ujazo wake na uangalie saa. Ya nne ni umeme: ampea za kila fezi pamoja na volti.

Kipimo cha kina hutelemshwa kupitia kibomba chembamba kilichowekwa kando ya bomba la kupandishia maji. Visima vingi vya zamani havina kibomba hicho, na kebo ya kupimia hunasa kwenye kebo ya umeme. Ikiwa hakuna, usilazimishe. Kiwekwe siku pampu itakaporudishwa.

Katika eneo lenye visima vingi kama Makutupora kuna jambo la ziada. Visima jirani vinavutana. Siku ya kupima, andika vipi vinafanya kazi na vipi vimezimwa, na usiruhusu mtu kubadilisha chochote hadi umalize. Mwenzako akiwasha pampu ya jirani katikati ya zoezi, namba zako zitakudanganya.

Hatua ya 3: Zisome namba, ndipo uamue

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Gawanya kiasi cha maji kwa mshuko, upate kisima kinatoa mita ngapi za ujazo kwa saa kwa kila mita moja ya mshuko. Huo ndio uwezo wa kisima. Kiasi cha maji peke yake hakikuambii kitu, kwa sababu kinategemea pampu.

Chukua mfano wa kisima kilichokabidhiwa kikitoa mita za ujazo 60 kwa saa kwa mshuko wa mita 12. Uwezo wake ulikuwa 5. Leo kinatoa 36, na mtu wa kwanza anasema kimekauka. Angalia mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea.

Ukikuta mshuko ni mita 18, uwezo umeshuka hadi 2. Maji yapo nje ya kisima lakini hayaingii. Kisima kimeziba, na hiki ndicho kinachofaa kusafishwa.

Ukikuta mshuko ni takriban mita 7, uwezo bado ni 5. Kisima ni kizima kabisa. Pampu imelika, au umeme haufiki ipasavyo, au bomba linavuja ndani. Kumwaga asidi kwenye kisima hiki ni kupoteza kazi.

Ukikuta uwezo ni ule ule wa 5, lakini kina tuli kilichokuwa mita 20 sasa ni 35, basi bonde lenyewe limeshuka. Pampu inapandisha maji kutoka mbali zaidi, ndiyo maana yamepungua. Usafishaji hautaleta tone la ziada. Hapo jambo la kujadili ni kiasi kinachovutwa kutoka bondeni, na mazungumzo hayo yafanyike mezani pamoja na Bodi ya Bonde.

Mara nyingi utakuta mchanganyiko, ila kuna sababu moja iliyo kubwa kuliko nyingine. Shughulika nayo kwanza.

Usingoje uwezo uishe ndipo utibu. Ukishapungua kwa robo, panga usafishaji. Ukishapita nusu, uchafu unakuwa umejikaza ndani ya changarawe iliyozunguka kesing na ndani ya nyufa za mwamba, na huwezi kuutoa wote. Kisima kilichoziba kinakula umeme pia. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita 10 za mshuko zisizo za lazima, kwa pampu ya mita za ujazo 50 kwa saa inayofanya kazi saa 20 kwa siku, zinagharimu karibu uniti 50 za umeme kila siku. Kwa mwaka ni kama uniti 18,000 kwa kisima kimoja. Mpelekee mhasibu hesabu hiyo anapouliza fedha za usafishaji zitarudi vipi.

Hatua ya 4: Panga kuzima

Kisima kimoja kwa wakati mmoja. Kwa Dodoma, miezi mizuri ni Mei na Juni: njia za kwenda visimani zimekauka, na joto la Oktoba na Novemba, ambapo kila mtu anataka maji, halijafika. Jaza matangi, tangaza kwenye kata zitakazoathirika kwa redio na kupitia wenyeviti wa mitaa, na taja siku maji yatakaporudi ukiongeza siku mbili za tahadhari. Zahanati na shule zipelekewe maji kwa magari kabla hazijaomba.

Hatua ya 5: Toa pampu huku ukisoma bomba

Kabla ya kunyanyua, weka sikio kwenye mdomo wa kisima pampu ikiwa inafanya kazi. Ukisikia maji yanaanguka ndani, kuna mambo mawili: bomba la kupandishia limetoboka, au maji yanaingia kisimani kupitia ufa ulio juu ya usawa wa uvutaji. Zima pampu ukiwa umesikiliza. Sauti ikikoma haraka, ni bomba. Ikiendelea, ni ufa wa mwamba au tundu kwenye kesing.

Nyanyua kwa winchi au krini yenye nguvu inayozidi uzito wa mabomba yakiwa yamejaa maji. Kila bomba likitoka, liandike namba kwa chaki, kagua nyuzi zake (mikato ya skrubu inayoungia bomba na bomba), piga picha. Tundu la ukubwa wa punje ya mtama kwenye bomba la chuma huonekana kwa urahisi: pembeni yake chuma ni cheupe na laini kwa sababu ya maji yaliyokuwa yakitoka kwa kasi, wakati sehemu nyingine ina kutu. Bomba lenye nyuzi zilizoliwa lisirudi kisimani hata kama ni moja tu katika ishirini. Pampu na mabomba yote yaliyo chini yake yananing'inia kwenye nyuzi hizo.

Angalia rangi ya ukoko uliogandamana nje. Mweupe na mgumu, unaotoa povu ukiudondoshea asidi au hata maji ya ndimu, ni chokaa. Ute wa rangi ya kutu unaoteleza ni bakteria wa chuma. Mweusi wenye harufu ya yai bovu unaonyesha bakteria wanaoishi pasipo hewa. Weka kipande cha kila aina kwenye mfuko wenye tarehe na kina, upeleke maabara pamoja na sampuli ya maji.

Pampu na mota zipimwe siku hiyo hiyo. Ukinzani wa kihami (insulesheni) cha nyaya za mota ukisomeka chini ya megaomu 0.5, maji yameingia kwenye mota, kwenye kebo au kwenye maungio yake. Ampea za fezi tatu zikiwa zilitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5 siku ya vipimo, tafuta sababu kwenye paneli na laini ya umeme kabla ya kulaumu mota. Mota mpya ikirudishwa kwenye umeme ule ule mbovu itaungua pia.

Hatua ya 6: Teremsha kamera

Subiri maji yatulie kwa siku moja, kisha teremsha kamera ya visima. Unatafuta skrini zilizofungwa, kesing iliyopasuka au kutoboka, maungio yaliyoachana, na mchanga uliojaa chini. Linganisha kina halisi na kilichoandikwa: kisima cha mita 120 ambacho kamera inagota mita 104 kimepoteza mita 16, na huenda skrini ya chini yote imezikwa. Katika mwamba wa graniti kama wa Makutupora, maji mengi huja kupitia tabaka la juu la mwamba lililooza na nyufa chache, kwa hiyo ufa mmoja uliozibwa unaweza kuwa theluthi ya kisima chako.

Mamlaka ndogo isiyo na kamera iazime kwa jirani. Kufanya kazi inayofuata bila kuona ndani ni hatari, kwa sababu kesing iliyokonda kwa kutu inaweza kuanguka mara tu ukianza kusugua.

Hatua ya 7: Safisha kwa nguvu kabla ya dawa

Anza na brashi ya waya (ya nailoni kwa kesing ya plastiki), ukipanda na kushuka kwenye kila skrini hadi brashi itelemke bila kukwama. Kisha ondoa mchanga na ukoko uliodondoka kwa kompresa ya hewa, ukianzia juu kwenda chini.

Baada ya hapo, sukasuka maji ndani ya kisima kwa pistoni au kwa hewa inayowashwa na kuzimwa, ili maji yaingie na kutoka kwenye skrini kwa pande zote mbili. Kuvuta upande mmoja tu hakusafishi, kwa sababu chembe hukaa zikiegemeana kwenye matundu, na zinahitaji kusukumwa nyuma ndipo ziachie. Anza polepole. Kwenye skrini iliyoziba sana, msukumo mkubwa wa ghafla unaweza kuibonyeza.

Endelea hadi maji yanayotoka yawe safi na mchanga ukome. Chota ndoo nyeupe, iache dakika kumi, tazama chini. Ukiona mchanga bado, bado hujamaliza.

Hatua ya 8: Dawa, kwa uangalifu mkubwa

Dawa inafuata aina ya ukoko. Chokaa inayeyushwa na asidi. Asidi ya salfamiki, ambayo ni unga, ni salama zaidi kubeba na kuhifadhi kuliko asidi ya hidrokloriki. Ute wa bakteria unashughulikiwa kwa klorini pamoja na kusukasuka. Vikichanganyika, asidi kwanza, uvute yote nje, uoshe kisima, ndipo klorini.

Asidi na klorini visikutane kamwe, kisimani wala kwenye ndoo, wala visikae stoo moja. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua. Asidi ikigusa chokaa hutoa kaboni dioksidi, gesi nzito inayotuama kwenye chemba za visima zilizo chini ya ardhi. Mtu asishuke kwenye chemba wakati wa kazi hii hata kwa dakika moja kuokota spana. Wengi wanaokufa kwenye mashimo ya aina hii ni waliomfuata mwenzao aliyeanguka. Miwani, glovu ndefu, aproni, barakoa ya gesi, na pipa la maji safi la kujiosha viwe hapo kabla chombo cha asidi hakijafunguliwa. Ukichanganya, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye asidi.

Peleka dawa hadi kwenye skrini kwa bomba, usiimwage mdomoni ikabaki juu. Fuata kipimo cha mtengenezaji, sukasuka kila baada ya muda, na upime uchachu kwa karatasi za pH. Chini ya 3 asidi bado inafanya kazi. Ikipanda, imeshakula chokaa iliyokutana nayo na huenda ikahitaji kuongezwa. Maji yatakayovutwa yapite kwenye shimo au tanki, yatulizwe kwa chokaa hadi pH ikaribie 7. Shamba la mtu na korongo la mifugo si mahali pa kumwaga asidi ya mamlaka.

Hatua ya 9: Rekebisha kesing na mdomo wa kisima

Kesing iliyotoboka juu huingiza maji machafu. Hili lina uzito, kwa sababu maji ya chini ndani ya mji wa Dodoma yamewahi kukutwa na naitreti nyingi kutokana na vyoo vya shimo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa naitreti ni miligramu 50 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi.

Unaweza kuingiza kesing ya plastiki ndogo ndani ya ile ya chuma, kwa mfano ya inchi 6 ndani ya inchi 8, na kujaza saruji katikati kwa sehemu isiyo na skrini. Hakikisha kwanza pampu unayoihitaji itapita. Juu, mdomo uinuke angalau nusu mita kutoka ardhini, sakafu ya zege iteremke kuelekea nje, na kila tundu la kebo lifungwe. Makutupora ni bondeni. Msimu wa mvua kubwa maji hutuama, na kisima chenye mdomo wa chini kitameza mafuriko.

Hatua ya 10: Pima upya, kisha chagua pampu

Weka pampu ya kupimia. Vuta kwa ngazi nne, kila moja dakika 60 hadi 120, ukiongeza kiasi na kuandika kina. Kisha vuta kwa kiasi kimoja kwa saa 24 au zaidi. Kwa kisima cha jiji 72 ni bora. Zima, upime maji yanavyopanda. Kokotoa uwezo na ulinganishe na wa Hatua ya 3. Hiyo ndiyo risiti ya kazi, na mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho bila hiyo.

Pampu ichaguliwe kwa namba hizi. Kurudisha ya zamani kwa mazoea si kuchagua, na kununua kubwa zaidi kwa sababu kisima kimepona kutavuta mchanga na kukiziba upya. Kibali cha kutumia maji kinataja kiasi unachoruhusiwa, usikivuke. Iweke pampu kwenye sehemu ya kesing isiyo na matundu, maji yakiwa mita kadhaa juu yake hata siku za kiangazi kikali. Funga kinga ya kuzima pampu maji yakiisha, valvu ya kuzuia maji kurudi, na kile kibomba cha kupimia.

Hatua ya 11: Klorini na maabara

Kila kilichoingia kisimani kimebeba vijidudu. Kesing ya milimita 200 ina lita 31.4 kwa kila mita. Maji yakiwa na kimo cha mita 60, hizo ni lita 1,884. Kwa miligramu 100 kwa lita unahitaji gramu 188 za klorini halisi. Kwa unga wenye asilimia 65 ni gramu 290. Ongeza nusu yake kwa ajili ya maji yaliyo kwenye changarawe. Koroga kwenye pipa, mimina, zungusha kwa pampu hadi harufu isikike bombani, acha saa 12 hadi 24, kisha vuta nje hadi klorini iishe.

Chukua sampuli. Bakteria wa kinyesi wawe sifuri katika mililita 100. Naitreti, floraidi, chuma na kloridi viandikwe pia, na faili lirudi mahali litakapoonekana. Kuanzia hapo pima kina tuli, kina cha uvutaji na kiasi cha maji kila mwezi.

Kisima kisichofufuka

Kuna visima vitakavyokataa. Kesing imelika yote, au uwezo haukupanda baada ya kusafisha mara mbili. Ndipo kuchimba kipya kunapokuwa na hoja, kwa kibali cha Bodi na mbali ya kutosha na majirani. Lakini usikiache cha zamani wazi. Kama kesing bado inapitisha kipimo, kifanye kisima cha uangalizi chenye kifuniko cha kufuli; bila visima vya namna hiyo tusingejua chochote kuhusu mkupuo wa 1997/98. Kama kesing imeanguka, kijazwe saruji kutoka chini hadi juu kupitia bomba, mbele ya mtu wa Bodi, na tarehe iandikwe kwenye faili.